Kupima usumaku wa tando nyembamba za metali kwa VSM: mwongozo kamili wa kupata namba unayoweza kuitetea

Maswali ni yaleyale kila muhula. Kobalti yangu imetoa emu 900 kwa sentimita ya ujazo badala ya 1400, nimekosea wapi? Mbona kitanzi (mchoro wa usumaku dhidi ya uga wa sumaku) kinainamia chini uga ukiwa mkubwa? Mbona permaloi yangu inageuka kabla hata uga haujavuka sifuri? Mara nyingi mashine haina tatizo lolote. Kosa limetokea kwenye kibano, kwenye rula, au kwenye mstari uliochorwa na kompyuta baada ya kupima.

Mwongozo huu ni wa anayetumia VSM (vibrating sample magnetometer), ile mashine inayotikisa sampuli kati ya koili huku sumakuumeme ikibadilisha uga. Wengi wetu tunapata saa chache tu za mashine hiyo, na mara nyingine tunatuma sampuli ipimwe mbali. Kwa hiyo kazi inayofanyika kabla ya kupima ndiyo inayookoa kila kitu.

Nitatumia sampuli mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza, niiite P, ni permaloi (nikeli 80, chuma 20) yenye unene wa nanomita 20, imefunikwa kwa tantalo. Ya pili, K, ni kobalti ya nanomita 0.6 na platini ya nanomita 1, zikipokezana mara tano. Zote ziko juu ya silikoni yenye unene wa milimita 0.5, zimekatwa mraba wa milimita 5 kwa 5.

## Vitu vya kuwa navyo

- Sampuli yenyewe, pamoja na kipande cha silikoni tupu kutoka kwenye sahani ileile. Bila hiki cha pili usianze.
- Kibano cha plastiki au cha titani. Cha chuma cha pua weka kando, hata kama sumaku ya mezani haikivuti.
- Kalamu ya almasi ya kukatia silikoni.
- Asetoni, isopropanoli, glavu zisizo na unga, na hewa ya nitrojeni ya kukaushia.
- Mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na maikromita ya skrubu.
- Kipande cha nikeli safi cha kuhakiki mashine, ikiwezekana karatasi ya nikeli yenye umbo na ukubwa wa sampuli yako.
- Fimbo ya kwatzi ya kushikia sampuli, na gundi au grisi kidogo ya vakyumu.
- Taarifa ya unene wa tabaka iliyotokana na mwakisiko wa eksirei. Namba iliyosomwa kwenye skrini ya chemba ya kutengenezea utando ni makadirio tu.

## Piga hesabu kabla hujawasha mashine

Usiruke sehemu hii. Mtu anayejua namba anayoitarajia hutambua kosa papo hapo. Asiyejua hugundua miezi miwili baadaye, saa za mashine zimeshakwisha.

Usumaku wa kushiba (Ms, yaani usumaku wa juu kabisa ambao uga hauwezi kuuongeza tena) katika joto la chumba ni takriban 1710 emu kwa sentimita ya ujazo kwa chuma, 1420 kwa kobalti, 485 kwa nikeli, na karibu 800 kwa permaloi. Anayependa vipimo vya SI abadilishe hivi: emu 1 kwa sentimita ya ujazo ni sawa na ampea 1000 kwa mita.

Sampuli P ina eneo la sentimita ya mraba 0.25. Zidisha kwa unene wa nanomita 20 upate ujazo wa 5 × 10⁻⁷ cm³. Zidisha tena kwa 800: momenti, yaani usumaku wa sampuli nzima unaopimwa kwa emu, ni 4 × 10⁻⁴ emu. VSM nzuri inasoma hadi karibu 10⁻⁶ emu, kwa hiyo P inapimika bila shida.

Sasa tazama silikoni. Ni diasumaku, yaani inajisumakisha kinyume na uga, na kiasi chake ni takriban −2.6 × 10⁻⁷ emu kwa kila sentimita ya ujazo kwa kila ested (kipimo cha uga). Kipande chetu kina ujazo wa 0.0125 cm³. Kwenye uga wa ested 10 000, ambao ni tesla 1, kinatoa −3.3 × 10⁻⁵ emu.

Linganisha na utando wa kobalti wenye nanomita 1 peke yake, eneo lilelile: 3.5 × 10⁻⁵ emu. Karibu zinalingana! Kwenye tesla 1 mashine ingesoma kama hakuna kitu, na kobalti ipo. Ni kama kutaka kujua uzito wa kofia kwa kumpima aliyeivaa juu ya mizani ya magunia. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inahusu kumtenganisha aliyevaa na kofia yake.

## Hatua ya 1: Kata na usafishe

Kata kutoka katikati ya sahani, si pembeni. Pembeni palikuwa na klipu, unene wake si sawa, na mara nyingine utando umepinda hadi ubavuni mwa silikoni.

Geuza sahani, chora mstari mfupi kwa kalamu ya almasi upande wa nyuma kwenye ukingo, kisha vunja taratibu. Silikoni ya uso wa (100) huvunjika yenyewe kwa pembe mraba. Ukichora upande wa utando unaubabua, na eneo lililobabuka bado utalihesabu kwenye ukubwa wa sampuli.

Osha kwa asetoni, kisha isopropanoli, kausha kwa nitrojeni. Futa na mgongo wa kipande.

Onyo: chembe ya chuma yenye upana wa maikromita 27 tu, ambayo ni chini ya nusu ya unene wa unywele wa kawaida, ina momenti ya karibu 3.5 × 10⁻⁵ emu. Hiyo ni nanomita nzima ya kobalti, na huwezi kuiona kwa macho. Inatoka kwenye wembe, kwenye kibano cha chuma, kwenye vumbi la meza ya karakana. Chuma cha pua nacho hugeuka sumaku kidogo kinapopindwa au kukwaruzwa, kwa hiyo jaribio la sumaku ya mezani halithibitishi kwamba ni salama.

Usijaribu kuosha sampuli yenye utando kwa asidi ili kuondoa chembe. Kobalti itaondoka nayo.

Umefaulu ikiwa kingo ni safi chini ya hadubini na hakuna mikwaruzo upande wa utando.

## Hatua ya 2: Pata eneo kwa mizani, si kwa rula

Rula inayokosea milimita 0.1 kwenye upande wa milimita 5 inakosesha eneo kwa asilimia 4, na kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye jibu lako.

Njia bora ni kupima uzito. Msongamano wa silikoni ni gramu 2.33 kwa sentimita ya ujazo. Pima unene wa kipande kwa maikromita, kisha gawanya: uzito, gawanya kwa 2.33, gawanya kwa unene. Kipande chetu cha 5 kwa 5 kinapaswa kuwa na uzito wa miligramu 29 hivi. Mizani ikisoma miligramu 27.6, eneo halisi ni 0.237 na si 0.25, na umeshajiepusha na kosa la asilimia 5. Uzito wa utando wenyewe hauathiri chochote hapa.

Kipande kikiwa kimevunjika ovyo, njia hii inafanya kazi vilevile. Hapo ndipo rula isingekusaidia kabisa.

## Hatua ya 3: Hakiki mashine kwa nikeli

Nikeli safi iliyoshiba ina takriban emu 55 kwa gramu katika joto la chumba. Pima uzito wa kipande chako, zidisha, ufananishe na usomaji kwenye ested 5000 au zaidi, uga ukiwa sambamba na bapa la karatasi.

Sababu ya kupendelea karatasi badala ya kitufe cha duara ni kwamba koili hazioni sampuli zote kwa usawa. Sampuli pana ya milimita 5 ina sehemu zilizo karibu zaidi na koili kuliko kitufe kidogo kilichokaa katikati. Ukihakiki kwa kitufe kisha upime mraba, unaweza kukosa asilimia kadhaa bila dalili yoyote.

Angalizo moja: nikeli ya maikromita 25 yenye ukubwa huu inatoa kama emu 0.3, mara mia kadhaa zaidi ya sampuli P. Mashine itakuwa kwenye kiwango tofauti cha usomaji. Pima sampuli moja ya kati kwenye viwango viwili vinavyofuatana na uhakikishe majibu yanalingana.

## Hatua ya 4: Pima silikoni tupu

Bandika kipande kitupu kwenye fimbo ileile, kwa gundi kiasi kilekile, mahali palepale. Endesha uga kutoka +10 000 hadi −10 000 ested na kurudi.

Umefaulu ukipata mstari ulionyooka unaoshuka kulia, wenye mteremko wa karibu −3.3 × 10⁻⁹ emu kwa kila ested, pamoja na kiasi kidogo cha fimbo.

Ukiona kitanzi kidogo katikati ya mstari, au ngazi karibu na sifuri, una uchafu wa ferosumaku, yaani wenye usumaku kama wa chuma. Simama hapo. Osha fimbo, badili gundi, pima tena hadi ngazi iishe. Hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye, kwa sababu uchafu huo hautakuwa kiasi kilekile kwenye sampuli inayofuata.

Najua hatua hii inaudhi, maana inakula saa ya mashine kwa kitu ambacho si sampuli. Lakini kipimo cha utando wa nanomita moja kisicho na kipimo cha silikoni tupu, binafsi sikiamini, hata kitanzi kiwe kizuri namna gani.

## Hatua ya 5: Weka sampuli na utafute katikati

Washa uga wa kutosha kuushibisha utando. Sogeza fimbo kwenye mihimili mitatu mmoja baada ya mwingine: kwenye mihimili miwili utatafuta kilele cha usomaji, na ule wa kuelekea koili utatafuta bonde. Rudia mzunguko huo mara mbili, kwani kusogeza mhimili mmoja kunabadilisha kidogo mwingine.

Kabla ya kubandika, weka alama ya penseli nyuma ya kipande kuonyesha upande uliokuwa wapi wakati utando unatengenezwa. Permaloi huwa na mwelekeo mmoja rahisi ndani ya bapa, unaotokana na uga au pembe ya utengenezaji. Bila alama hutajua umepima upi.

## Hatua ya 6: Pima kwa mielekeo yote

Anza na uga sambamba na bapa. Anzia kwenye uga mkubwa kabisa, shuka, vuka sifuri, fika upande wa pili, kisha rudi. Usianzie sifuri, kwani historia ya sampuli itaingia kwenye mstari wa kwanza.

Hatua za uga ziwe ndogo pale utando unapogeuka. Permaloi nzuri hugeuka kwenye ested moja au mbili tu. Hatua za ested 50 zitakupa kitanzi cha kubuniwa na kompyuta. Karibu na sifuri nenda kwa sehemu ya kumi ya uga wa kugeuza, kisha panua hatua unapokwenda mbali.

Zungusha sampuli P nyuzi 90 ndani ya bapa na urudie. Mwelekeo rahisi unatoa kitanzi cha mraba. Mwelekeo mgumu unatoa mstari wa mshazari uliofumba, unaoshiba kwenye ested chache. Ukiona vyote viwili umefaulu, na uga ule wa kushiba ndio uga wa anisotropi, yaani uga unaohitajika kuuelekeza usumaku upande mgumu.

Kisha pima uga ukiwa wima kwenye bapa. Hapa utando unapingana na umbo lake wenyewe. Kwa permaloi inahitajika 4π × 800, yaani karibu ested 10 000, ili kuushibisha. Kwa kobalti nene ni karibu ested 18 000. Mashine inayoishia tesla 1 haiwezi kuishibisha kobalti hiyo wima, basi usiitafutie Ms huko.

Sampuli K ni kinyume. Kobalti ikiwa nyembamba chini ya takriban nanomita 1 kati ya platini, nguvu za mpaka wa tabaka zinashinda nguvu za umbo, na mwelekeo rahisi unakuwa wima. Kitanzi cha mraba utakipata wima. Sambamba na bapa ndiko kugumu.

Kwa uga ulio sambamba, umbo la utando halihitaji masahihisho. Kwa uga wima, ondoa 4πM kutoka kwenye uga ulioandikwa ili kupata uga halisi ndani ya utando.

### Uga unaobaki kwenye sumaku

Ukitumia mashine yenye sumaku ya kondakta-kuu (koili iliyopozwa hadi isiwe na ukinzani wa umeme), soma hapa mara mbili. Baada ya kwenda tesla kadhaa, koili hubaki na uga ulionaswa ndani yake, unaoweza kufika makumi ya ested. Mashine haiupimi, inakokotoa uga kutokana na mkondo wa umeme. Matokeo yake, kitanzi chembamba kinageuka ndani nje, na utando unaonekana kugeuka kabla ya kufika sifuri.

Hiyo si fizikia mpya. Punguza uga kwa kuuyumbayumbisha, chanya na hasi, ukipungua kila mara hadi sifuri, kabla ya kupima utando laini. Au pima kipande cha paladi kwenye safu ileile ya uga: mwitikio wake ni mstari ulionyooka unaopita sifuri, hivyo kitanzi chochote kinachojitokeza ni kosa la sumaku. Kwa permaloi, bora utumie sumakuumeme ya kawaida yenye kipima uga cha Hall.

## Hatua ya 7: Ondoa mteremko wa silikoni

Hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Chagua sehemu ya uga mkubwa ambako utando umeshashiba, chora mstari kupitia pointi hizo upande chanya na upande hasi, na utumie wastani wa miteremko miwili. Ondoa mteremko huo kwenye data yote. Mahali mistari inapokata mhimili wa wima ndipo penye momenti ya kushiba.

Kabla ya kuamini, fanya jaribio hili: chora mstari kwa ested 3000 hadi 10 000, kisha 5000 hadi 10 000, kisha 7000 hadi 10 000. Miteremko ikilingana, utando umeshiba kweli. Ikiwa kila mara inabadilika kuelekea upande uleule, bado haujashiba, na ukiondoa mteremko huo unaondoa sehemu ya utando wenyewe.

Halafu linganisha na silikoni tupu ya hatua ya 4. Mteremko wa sampuli ukiwa tofauti na ule kwa zaidi ya asilimia chache baada ya kusahihisha uzito, tafuta sababu. Mwelekeo mgumu wa sampuli K, ambao unaweza kuhitaji zaidi ya ested 10 000, usichorewe mstari wake kabisa: tumia mteremko uliopata kwenye mwelekeo rahisi au kwenye silikoni tupu.

Umefaulu ikiwa sehemu za juu na chini za kitanzi zimelala bapa na ziko umbali sawa kutoka sifuri.

## Hatua ya 8: Gawanya kwa eneo kwanza

Usikimbilie ujazo. Momenti gawanya kwa eneo ni namba safi, kwa sababu eneo unalijua vizuri. Ujazo unaingiza unene, na unene ndio wenye mashaka makubwa: nanomita 0.1 kwenye utando wa nanomita 1 ni asilimia 10.

Sampuli P inapaswa kutoa 1.6 × 10⁻³ emu kwa sentimita ya mraba. Sampuli K ina kobalti nanomita 3 kwa jumla, kwa hiyo tarajia 4.2 × 10⁻⁴ au zaidi kidogo. Zaidi, kwa sababu atomi za platini zinazogusa kobalti nazo hupata usumaku. Mtu akigawanya kwa ujazo wa kobalti peke yake anapata namba kubwa kuliko 1420 na kushtuka bure. Andika wazi umegawanya kwa unene upi.

## Hatua ya 9: Mfululizo wa unene

Ukitaka Ms ya kweli, sampuli moja haitoshi. Tengeneza nne au tano za unene tofauti, tabaka nyingine zikiwa zilezile. Chora momenti kwa eneo dhidi ya unene.

Mteremko wa mstari ndio Ms. Mstari ukikata mhimili wa unene upande chanya, tuseme nanomita 0.5, hicho ndicho kipimo cha tabaka mfu: sehemu iliyochanganyika na jirani au iliyooksidika ikapoteza usumaku. Tantalo inayogusa permaloi au kobalti inajulikana kwa kuzaa tabaka kama hiyo. Ukikata upande hasi, kama inavyoweza kutokea kwa platini, jirani ameongeza usumaku badala ya kuupunguza.

Mara nyingi yule aliyepata 900 kwa kobalti ana kobalti nzuri tu, ila amegawanya kwa unene unaojumuisha tabaka mfu. Kwenye utando wa nanomita 1.4, nusu nanomita iliyokufa inaishusha 1420 hadi karibu 910.

## Kusoma kitanzi chenye ngazi

Tabaka nyingi huleta vitanzi vya maumbo mengine, na si kila umbo geni ni kosa.

Kobalti mbili zikitenganishwa na ruthenio nyembamba zinaweza kufungamana kinyume. Kwenye uga mdogo momenti zinafutana na kitanzi kinakuwa na uwanda karibu na sifuri, kisha kinapanda uga ukizidi nguvu ya kufungamana. Zikiwa na unene sawa, uwanda ni sifuri kamili. Zikitofautiana, kimo cha uwanda kutoka sifuri ndicho tofauti yao.

Utando unaogusa tabaka ya antiferosumaku (ambayo momenti za atomi zake jirani hufutana), kama iridi na manganizi, hutoa kitanzi kilichosogea upande mmoja wa mhimili wa uga. Pima kitanzi hicho mara kadhaa mfululizo, kwa kuwa cha kwanza mara nyingi husogea zaidi kuliko vinavyofuata. Ripoti ni cha ngapi. Na kwa sumaku ya kondakta-kuu, hakikisha kwanza kwamba msogeo huo si uga ulionaswa: geuza sampuli kichwa chini na upime upya. Msogeo wa kweli unageuka pamoja na sampuli. Wa mashine unabaki palepale.

Ngazi ndogo karibu na sifuri kwenye sampuli isiyotakiwa kuwa nayo, rudi hatua ya 1 na ya 4.

## Namba ikiwa bado haikubali

Ikizidi matarajio kwa asilimia chache, shuku eneo na uhakiki wa nikeli. Ikizidi mno, shuku chuma. Ikipungua kwa asilimia ileile kwenye kila unene, tatizo ni nafasi ya sampuli kwenye koili au mteremko ulioondolewa vibaya. Ikipungua zaidi kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ni tabaka mfu.

Na ikiwa sampuli ileile inapungua kila unapoirudia baada ya wiki kadhaa, kifuniko chake kinapitisha oksijeni. Tantalo ya nanomita 2 hugeuka oksaidi karibu yote ikikutana na hewa. Ongeza hadi nanomita 4 au 5, au weka platini juu yake, utengeneze sampuli mpya na kuandika tarehe kwenye kisanduku chake kabla ya kipimo cha kwanza.